Wanafunzi wa Arua na Koboko: Kuupima ukweli pale mtandao unaponyamaza

Katika familia nyingi za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwanafunzi wa chuo ndiye anayekabidhiwa simu pindi ujumbe wa kutatanisha unapoingia. Shangazi ametumiwa sauti katika kundi la WhatsApp inayodai kuwa mizizi fulani huponya homa ya ini. Mjomba anayepeleka bidhaa soko la Ariwara, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, amesikia kwamba mpaka utafungwa kesho asubuhi. Jirani ameona tangazo la kazi za Ghuba linalomtaka alipe kwanza ada ya usajili. Wote humgeukia yule aliyefika chuo na kumuuliza swali moja: hili ni kweli?

Swali ni fupi, lakini jibu lake husafiri mbali. Mwanafunzi wa chuo katika nchi tajiri akikosea kuipima taarifa, aghalabu hasara yake ni alama za mtihani. Wa Arua au Koboko akikosea, kosa hilo huingia jikoni, sokoni na zahanati siku hiyohiyo, tena likiwa limevikwa heshima ya elimu yake. Kwa hiyo namna vijana hawa wanavyotafuta taarifa na kuipima si suala la wakutubi na wahadhiri peke yao.

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ndiyo kitovu cha elimu ya juu katika ukanda huu. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2013 kikiweka mkazo katika teknolojia ya habari, ualimu na afya. Ipo pia kampasi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, pamoja na vyuo vya uuguzi na ualimu. Koboko iko kaskazini zaidi, pale Uganda inapokutana na Sudan Kusini na Kongo, na vijana wake wengi husoma Arua na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Tofauti kati ya maisha yao ya chuoni na ya nyumbani ndipo mahali pa kuanzia.

Gharama ya kufungua ukurasa wa pili

Chuoni kuna maktaba, kompyuta na intaneti isiyolipiwa kwa megabaiti. Mtandao wa RENU, unaounganisha taasisi za elimu na utafiti nchini Uganda, na muungano wa maktaba za vyuo vikuu, CUUL, vimewawezesha wanafunzi kusoma majarida ya kitaaluma ambayo mtu binafsi hawezi kuyalipia. Mwanafunzi akipanda gari kurudi Koboko, mengi ya hayo hubaki nyuma. Mkononi ana simu yake na kifurushi cha data anachokitumia kwa kukihesabu.

Hesabu hiyo ina historia yake. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii. Tozo hiyo iliondolewa miaka mitatu baadaye, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Matumizi ya VPN yakawa ujuzi wa kawaida wa vijana, ingawa nayo hula data. Kuhusu umeme, West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu. Kabla ya hapo ilitegemea mitambo midogo ya kwake, ukiwemo ule wa maji wa Nyagak wenye uwezo wa megawati 3.5. Mwanafunzi wa leo alikulia katika mazingira ambayo kuchaji simu kulikuwa jambo la kulipia na kusubiri.

Mambo haya huorodheshwa kama matatizo ya miundombinu, na mjadala huishia hapo. Lakini yanagusa pia jinsi mtu anavyofikiri. Kuhakiki habari ni kufungua ukurasa wa pili, wa tatu na wa nne, na kila ukurasa una bei. Anayelipia kila megabaiti hujizoeza kukomea ukurasa wa kwanza, au kutofungua wowote: anamwomba mwenzake amtumie picha ya skrini. Picha hiyo ni nyepesi, na husomeka bila kubofya kiungo chochote. Lakini imekatwa tarehe, jina la mwandishi, anwani ya tovuti, na mara nyingi ile aya iliyofuata ambayo ingebadili maana yote. Kile kinachookoa fedha ndicho kinachoondoa ushahidi. Wanaowalaumu vijana kwa uvivu wangefanya vyema kutazama kwanza salio lao.

Mbinu iliyotoka mbali

Utafiti juu ya wanafunzi na taarifa za kidijitali umefanywa zaidi Marekani. Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa Project Information Literacy, Alison Head na Michael Eisenberg, walichapisha matokeo ya kuwahoji wanafunzi 8,353 wa vyuo 25. Picha waliyoipata haikuwa ya vijana wazembe. Wengi walitazama kama taarifa ni ya karibuni na kama mwandishi ana sifa za kuizungumzia. Aidha, hawakuipima peke yao. Waliwauliza wahadhiri, marafiki na jamaa zao. Kwa msomaji wa West Nile jambo hili la mwisho halishangazi, ila huku swali huelekea upande wa pili: jamaa ndio wanaomuuliza mwanafunzi.

Miaka saba baadaye Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Kila mmoja alipewa tovuti za kuzipima. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya tovuti husika wakichunguza nembo, mpangilio na anwani, na wengi walidanganyika. Wahakiki wa habari waliondoka mapema. Walifungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti, ndipo wakarudi, au wasirudi kabisa. Mbinu hiyo ya kutoka nje ya ukurasa sasa inafundishwa katika vyuo vingi duniani.

Ni mbinu nzuri, na inafaa kufundishwa Arua pia. Tatizo ni kwamba inadhani huko nje kuna watu walioandika. Ukitoka katika ukurasa kuhusu chanjo au mabadiliko ya tabianchi utakuta maelfu ya kurasa nyingine. Ukitoka katika ukurasa kuhusu tukio lililotokea West Nile, huenda usikute chochote isipokuwa nakala za ukurasa ule ule.

Ombaci: kilichoandikwa na kisichoandikwa

Mfano ulio wazi ni Ombaci, nje kidogo ya Arua. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka Aprili 1979, West Nile ilihesabiwa na wengi kuwa nyumba ya Amin, na raia wake wakalipizwa kisasi kwa makosa ya serikali ambayo wengi wao hawakuwa na sehemu ndani yake. Mamia ya maelfu walikimbilia Zaire ya wakati huo na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa jeshi la serikali la wakati huo, UNLA, waliwashambulia watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci na kuua wengi. Idadi ya waliouawa hutofautiana kutoka chanzo kimoja hadi kingine.

Mwanafunzi wa ualimu anayetaka kuandika kazi yake ya mwisho kuhusu siku hiyo atakuta mtandaoni aya chache, nyingi zikirudia maneno yaleyale, bila kusema nani alihojiwa, lini na wapi. Akiiuliza programu ya akili bandia, atapewa kurasa mbili zilizonyooka, zenye Kiingereza kisicho na doa. Hapo ndipo hatari ilipo. Programu hizi, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zina kasoro inayojulikana: zinaweza kubuni jina la kitabu, la mwandishi, na hata namba ya ukurasa. Pale maandishi yalipo mengi, ubunifu wa aina hiyo hugunduliwa kwa urahisi. Pale yalipo haba, hakuna cha kuupinga, na kilichobuniwa leo kinaweza kunukuliwa kesho kama chanzo.

Hata hivyo ukimya wa mtandao si ukimya wa mahali. Ombaci haihitaji kifurushi cha data. Inahitaji nauli ya boda boda. Wapo walionusurika, wapo waliozika ndugu zao, na misheni yenyewe ingali pale. Kwa mwanafunzi wa Arua, kutoka nje ya ukurasa kunaweza kuwa na maana ya kutoka nje ya chumba.

Lakini mzee naye ni chanzo, na chanzo hupimwa. Je, aliona kwa macho au alihadithiwa? Alikuwa na umri gani? Alisimama upande gani wakati ule, na yuko upande gani sasa? Anayosema yanakubaliana na ya yule aliyekuwa ng'ambo ya pili ya uwanja? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu iwapo kunafanywa kwa heshima ya kwao: kwa kujitambulisha kwanza mtu ni mtoto wa nani, kwa kuketi, kwa kusubiri. Wahadhiri wengi hufundisha kwamba simulizi la mzee ni chanzo cha asili, na husahau kuongeza kwamba chanzo cha asili nacho kinaweza kukosea.

Amin, na taabu ya maneno mengi

Koboko ina tatizo la kinyume. Jina la mtu mmoja anayehusishwa na mji huo limejaa mtandaoni kupita kiasi. Idi Amin alikuwa mtoto wa baba Mkakwa, kabila lenye makao yake Koboko, na mwanafunzi wa historia kutoka huko hana uhaba wa kurasa za kusoma. Taabu inaanza na jambo dogo kabisa: kuzaliwa kwake. Vyanzo vingine huandika Koboko, karibu mwaka 1925. Vingine Kampala, karibu 1928. Aliyesoma ukurasa mmoja hujua jibu. Aliyesoma miwili hujua kwamba kuna swali.

Kisha kuna filamu. The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyomletea mwigizaji Forest Whitaker tuzo ya Oscar, ilitokana na riwaya, na yule daktari kijana wa Kiskoti anayeishi karibu na Amin ni mtu wa kubuniwa. Hakuwahi kuwepo. Kuna pia semi anazobandikiwa Amin katika kadi za picha mitandaoni, maarufu zaidi ikiwa ile ya kuahidi uhuru wa kusema bila kuahidi uhuru baada ya kusema. Kadi hizo huzunguka bila tarehe wala mahali, na msomaji makini angepaswa kuuliza jambo hilo kabla ya kucheka. Mauaji ya utawala ule yalikuwa ya kweli, na ukubwa wake ulijadiliwa na mashirika ya haki za binadamu tangu miaka ya 1970. Hayahitaji kuongezewa chumvi. Tena kila kisa cha kubuni kinachofichuliwa huwapa nafasi wale wanaotaka kukana hata yaliyothibitika.

Ushahidi mpya umepatikana, tena kutoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, kuligunduliwa negativu za picha zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya Amin. Sehemu yake iligeuzwa kuwa ya kidijitali kwa ushirikiano wa UBC na vyuo vikuu vya Makerere, Michigan na Western Australia, na mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda likafungua maonyesho ya baadhi yake. Ni picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Zinaonyesha mikutano, gwaride na sherehe; hazionyeshi vyumba vya mateso. Waandaaji wa maonyesho walilazimika kulishughulikia jambo hilo, na mwanafunzi anayezitazama leo hana budi kujiuliza swali lilelile: nani alishika kamera, na nini kilikuwa nyuma yake?

Picha inathibitisha nini?

Swali la kamera lilirudi Arua kwa ukali Agosti 2018. Mji ulikuwa katika uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi ya mbunge Ibrahim Abiriga, aliyeuawa kwa risasi mwezi Juni mwaka huo. Tarehe 13 Agosti Yasin Kawuma, dereva wa mbunge na mwanamuziki Robert Kyagulanyi, maarufu Bobi Wine, alipigwa risasi na kufa akiwa ndani ya gari. Muda mfupi baadaye Kyagulanyi alichapisha picha ya maiti kwenye Twitter. Serikali ilisema msafara wa rais ulipigwa mawe. Upinzani ulikana kuhusika. Waandishi wawili wa televisheni waliokuwa wakiripoti kutoka Arua walikamatwa. Mgombea huru Kassiano Wadri alishinda kura akiwa kizuizini.

Wanafunzi wanaoingia vyuoni sasa walikuwa watoto wakati huo, na kisa hicho kinafaa kuwa somo kwa sababu wanaijua mitaa yenyewe. Picha ile ilithibitisha kwamba mtu aliuawa ndani ya gari. Haikuthibitisha nani alifyatua risasi wala nani alikusudiwa. Katika makundi ya mitandaoni mambo hayo matatu yalichukuliwa kuwa moja, kila upande ukiongezea lililoupendeza. Kuyatenganisha kunaonekana rahisi leo darasani. Siku ile, mji ukiwa umejaa askari, halikuwa jambo rahisi.

Kuna nyakati pia ambapo waraka ni halali kabisa na bado unapotosha. Mei 2023 wanafunzi na wahitimu kote Uganda walishtuka baada ya kubainika kwamba tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, inaonyesha programu nyingi za vyuo vikuu kuwa ithibati yake imekwisha muda. Picha za skrini zikasambaa. Wengi waliamini kwamba shahada zao hazina thamani tena. Baraza lilieleza baadaye kuwa programu kufikia muda wake kulimaanisha inahitaji kutathminiwa upya, na kwamba shahada zilizokwisha kutolewa ni halali. Orodha ilikuwa ya kweli, tovuti ilikuwa ya kweli, na mbinu zote za kutambua tovuti bandia zisingesaidia kitu. Kilichokosekana ni maana ya neno moja katika lugha ya ofisi. Tovuti za umma nchini zingeweza kuweka sentensi moja ya ufafanuzi chini ya jedwali kama hilo. Gharama yake ni ndogo kuliko hofu iliyozuka.

Kati ya Kiingereza na Kikakwa

Taarifa hutafutwa kwa Kiingereza na kusimuliwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kimadi au Kinubi. Katika makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini ya Rhino Camp na Imvepi husikika Kiarabu cha Juba. Katika makazi ya Lobule, wilayani Koboko, Wakongo huongeza Kilingala na Kiswahili. Mwanafunzi anayesoma habari na kumweleza bibi yake anafanya kazi ya ukalimani, na ukalimani una makosa yake. Neno linalomaanisha kwamba jambo "linachunguzwa" hugeuka kwa urahisi kuwa "limegunduliwa". Tahadhari za kitaalamu, zile "huenda" na "kwa sehemu", ndizo za kwanza kuanguka njiani.

Mashine za kutafsiri hazijaifikia West Nile kwa usawa. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 katika huduma yake ya tafsiri, Kiacholi na Kialur zikiwemo. Kilugbara na Kikakwa havikuwemo. Taasisi ya Sunbird AI ya Kampala imeingiza Kilugbara katika kazi zake za lugha za Uganda, hatua ya kupongezwa. Kiswahili kiko katika hali bora zaidi, na kuna wahakiki wa habari wa Afrika Mashariki, kama PesaCheck iliyoanzishwa mwaka 2016, wanaochapisha pia kwa lugha hii. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika West Nile Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi za jeshi na ya biashara ya mpakani kwa vizazi kadhaa. Bado ni wachache wanaokifikiria kama lugha ya kuhakikia habari.

Redio imeziba pengo hilo kwa miaka. Shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, masomo yalipitia redioni kwa wale waliokuwa nayo. Radio Pacis ya Arua, inayotangaza kwa lugha kadhaa za eneo hilo, ina wasikilizaji ambao hawatafungua tovuti ya uhakiki kamwe. Mwanafunzi anayepiga simu studio kuuliza jambo, na kulisikia likijibiwa kwa Kilugbara mbele ya mji mzima, amehakiki habari kwa namna ambayo vitabu vya mbinu havikuitaja.

Taarifa ya kweli, mahali pasipo pake

Afya ndiyo sehemu ambayo kosa hulipwa haraka. Kati ya 2018 na 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo, Ituri ikiwemo, na katikati ya mwaka 2019 mgonjwa alithibitishwa Ariwara, soko ambalo wafanyabiashara wa Arua na Koboko wanalijua kama uwanja wa nyumbani. Huko Kongo chanjo ilitumika, na ndugu wa ng'ambo ya mpaka walisimulia hivyo. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, katikati mwa Uganda, virusi vilikuwa vya aina nyingine, aina ya Sudan, ambavyo chanjo ile haikukusudiwa kuvikinga. Watu 55 waliothibitishwa kuambukizwa walifariki kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha Januari 2023. Aliyesema "chanjo ya Ebola ipo" hakusema uongo. Alisema ukweli wa mahali pengine.

Uganda yenyewe imeuonyesha ulimwengu kwamba upimaji wa namna hii unafundishika, tena mapema kuliko chuo. Mwaka 2017 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti ulioongozwa na Allen Nsangi na Daniel Semakula wa Makerere pamoja na wenzao wa Norway. Shule za msingi 120 za eneo la kati zilishirikishwa, na watoto zaidi ya 10,000 walifanya mtihani. Nusu ya shule zilifundishwa kwa kitabu cha picha jinsi ya kupima madai ya tiba: kwamba dawa si nzuri kwa sababu tu ni ya zamani, kwamba kupona kwa jirani mmoja si ushahidi wa kutosha, kwamba lazima kuwe na ulinganisho wa haki. Katika shule zilizofundishwa asilimia 69 ya watoto walifikia alama ya kufaulu. Katika nyingine, asilimia 27. Mtoto wa darasa la tano aliyepitia somo hilo ana la kumwambia shangazi kuhusu mizizi ya homa ya ini, bila kumvunjia heshima.

Swali la West Nile ni lini somo kama hilo litafika vyuo vya uuguzi na ualimu vya Arua kama sehemu ya kawaida ya masomo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unawataka wanafunzi wafanye miradi na kutafuta taarifa wenyewe, na kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Vijana hao wanakaribia milango ya vyuo. Chuo cha ualimu cha Muni, ambacho sasa ni mojawapo ya kampasi za taasisi ya taifa ya mafunzo ya walimu, UNITE, kitawaandaa wale watakaowafundisha wadogo zao.

Kuna pia sheria ya kukumbuka. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yanaweka adhabu kwa kutuma taarifa zinazohesabiwa kuwa na nia mbaya. Wakosoaji wanasema maneno yake ni mapana mno na yanaweza kutumika dhidi ya wanaosema kweli isiyopendeza. Kwa mwanafunzi anayeandika juu ya jeshi, uchaguzi au mwaka 1981, tahadhari hiyo si ya nadharia. Anahitaji kuweza kuonyesha alivyojua anachokijua: nani alimwambia, siku gani, na nani mwingine alithibitisha.

Na kwa Ombaci muda umebaki mfupi. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile ya Juni amekwisha pita 60. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inaweza kurekodi sauti yake kwa saa nzima bila kutumia hata megabaiti moja ya data. Baada ya hapo faili hiyo itahitaji mahali pa kukaa: jina la msimuliaji iwapo ameridhia, tarehe, lugha iliyotumika, na rafu katika maktaba ya chuo ambako mwanafunzi wa mwaka ujao ataweza kuikuta na kuibishia.